Kuhamia Safu ya Nyuma

Mzee Aristides alirudi Dar es Salaam siku ya Alhamisi, mwezi wa Agosti mwaka 1981, baada ya kumzika mkewe Kibosho. Aliteremka kwenye treni saa nne asubuhi, akatembea kwa miguu hadi Gerezani, mkononi ana kikapu cha ndizi alichofungiwa na shemeji yake. Alipoingia uani, wazee wenzake waliokuwa wakicheza bao wakainuka, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine, wakasema pole, kisha wakarudi kwenye bao lao. Hawakumdharau. Walikuwa wameshachanga, wameshalia naye kabla mwili haujasafirishwa, na kwa upande wao msiba ulikuwa umekwisha. Kwake ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini na minne kufungua mlango wa nyumba isiyo na mtu ndani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Ushirika wa Makazi wa Wastaafu, ambao watu wote wa Gerezani waliuita Tulizana. Mwaka 1973, wastaafu wa reli, wa bandari na wa viwandani walinunua hisa kwa shilingi elfu moja na mia tano kila mmoja, wakakopa benki, wakafyatua matofali wenyewe kila Jumamosi mpaka nyumba ishirini na nane zikasimama kuzunguka ua mmoja. Hawakuwa wazee wa kuota jua. Walikuwa na matuta ya mchicha bondeni Msimbazi, walikwenda kumwagilia kwa zamu, na mchicha waliuuza sokoni Kariakoo ili wanunue vipuri vya pampu. Nyumba za safu ya mbele zilikuwa na vyumba viwili na kibaraza, za wenye wake au waume. Safu ya nyuma ilikuwa ya chumba kimoja kimoja, imegeukia gereji ambako mabati yaligongwa kutwa nzima.

Jumatatu iliyofuata, mweka hazina Anaeli alibisha hodi, akatoa barua kwa mikono miwili kama mtu anayetoa rambirambi. Barua ilimkumbusha Ndugu Aristides kanuni ya kumi na mbili: mwanachama akibaki peke yake, atahamia safu ya nyuma ndani ya siku thelathini, nyumba yake wapewe wanandoa walio kwenye orodha. Chini kulikuwa na mstari mwingine, kwamba alikuwa anadaiwa ada ya miezi mitatu.

Kanuni hiyo hakuhitaji kusomewa. Aliitunga mwenyewe, wakati akiwa katibu. Lakini ule mstari wa ada ulimshangaza, akamwambia Anaeli kwamba pamekosewa, kwa sababu yeye hajawahi kudaiwa hata senti tangu Tulizana ianze.

Anaeli alisitasita, kisha akamwomba afike ofisini kesho yake aone mwenyewe.

*

Ofisi ilikuwa chumba kidogo karibu na lango, kina meza moja na ubao wa matangazo. Anaeli alifungua kitabu cha stakabadhi, akamgeuzia. Ada ya nyumba ya vyumba viwili ilikuwa shilingi arobaini na tano kwa mwezi. Aristides alitazamia kuona arobaini na tano, arobaini na tano, zimepangana kama alivyozipanga kichwani miaka yote. Alichokiona ni kumi, tano, kumi na mbili, nane, tarehe zimetawanyika mwezi mzima, na kila stakabadhi imeandikwa kwamba fedha zimepokelewa kutoka kwa Mama Onesi.

Onesi ndiye Onesphory, mtoto wao wa pekee, na kwa jina hilo ua mzima ulimwita mama yake. Mama huyo alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani aliyoiweka chumba cha pili. Kila mwisho wa mwezi Aristides alimkabidhi pensheni yake, naye alisema ada tayari. Aristides hakuwahi kuuliza zaidi ya hapo.

"Pensheni ilikuwa inaishia kwenye chakula na dawa zako za presha," Anaeli alisema. "Ada ilitoka kwenye cherehani. Alikuwa akija na chochote alichopata, mpaka alipougua."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema wewe ni katibu, utaona haya mkeo akilipa kwa vipande."

Aristides alikifunga kitabu taratibu. Alikumbuka kwamba wakati wa ukatibu wake yeye ndiye aliyeleta desturi ya kuandika majina ya wadaiwa ubaoni kwa chaki, ili watu wajirekebishe. Alipotoka nje aliutazama ule ubao. Jina lake lilikuwepo, la pili kutoka juu. Aliyeliandika alijitahidi kulifanya dogo.

Siku zile alijaribu kila njia. Alimwandikia Onesphory, fundi katika kiwanda cha nguo Mwanza, akamweleza hali. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: baba aje, waishi pamoja. Barua ilikuwa ya heshima kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini Aristides alijua kwamba Mwanza watu sita walilala vyumba viwili, na alisikia kwenye kila mstari namna mwanawe alivyoomba akataliwe. Akamjibu kwamba ameshazoea joto la Dar. Kihamba cha Kibosho, shamba la migomba la ukoo, kilikuwa cha mdogo wake tangu baba yao afe, maana yeye alisema wakati ule kwamba mtu wa reli hana haja ya migomba.

Alimfuata mwenyekiti Bushiri, aliyekuwa msimamizi wa wapakiaji bandarini, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa sauti. Alimkuta anatengeneza jembe. Aristides alieleza kwamba yuko tayari kulipa ada ya vyumba viwili akiwa peke yake, hata kama atakula mlo mmoja. Bushiri akasema tatizo si ada. Aristides akauliza, kama ni hivyo, akiiuza hisa yake atapata kiasi gani. Bushiri akamwambia anachokijua tayari: hisa haiuzwi kwa mtu, inarudishwa kwa ushirika kwa bei ileile ya elfu moja na mia tano, na fedha hizo mwaka huu hazimfikishi mbali hata kwenye chumba cha kupanga Msimbazi.

"Basi kumbe nilinunua nini?" Aristides aliuliza. "Nilikuwa wa kwanza kulipa. Matofali ya ukuta ule niliyabeba mimi."

"Nyumba ni yetu sote, Mzee. Maneno hayo ulitufundisha wewe. Ulisimama pale uani ukasema cha wote hakina mwenyewe." Bushiri aliweka jembe chini. "Leta ombi lako mkutanoni. Wanachama wakikubali, mimi sina kinyongo."

*

Kabla ya mkutano walikuja watu waliokuwa wa kwanza kwenye orodha. Mume aliitwa Marcelino, aliyekuwa mpishi wa melini, mkewe Candida. Walikuwa wakiishi kwa mkwe wao Msimbazi, chumba kimoja, wao na wajukuu wanne, wakisubiri Tulizana mwaka wa tatu. Kamati iliwaambia waje waione nyumba, na haikukumbuka kumwambia Aristides. Aliwakuta barazani anatoka foleni ya sabuni.

Aliwakaribisha. Marcelino alibaki amesimama, kofia mkononi, akasifu sakafu. Candida alitoa uzi mfukoni akapima dirisha kwa ajili ya pazia, akafunga fundo la alama, akapima la pili, muda wote bila kumtazama mwenye nyumba usoni. Alipofika chumba cha pili, akaiona cherehani imefunikwa kwa kitambaa, alirudi haraka kana kwamba amefungua mlango wa choo chenye mtu.

"Utusamehe, Mzee," alisema. "Tulidhani umeshaambiwa."

Aristides akasema hakuna neno. Walipoondoka alikaa kitandani na kile kipande cha sabuni mkononi mpaka kikaanza kuyeyuka kwa jasho.

*

Mkutano ulifanyika Jumamosi alasiri uani, wanachama ishirini na watatu kwenye mabenchi. Aristides alisimama akasoma ombi lake. Aliomba aachiwe nyumba kwa mwaka mmoja tu, mpaka aondoe matanga ya mkewe na kuweka msalaba wa saruji. Alisoma kwa sauti ya ukatibu, lakini aliikunja karatasi kabla hajafika mwisho, akakaa.

Watu walimhurumia. Mmoja alisema huyu ni mwanzilishi. Mwingine akasema mwaka mmoja si mwingi. Ilionekana kwamba ombi litapita. Ndipo mwanamke aliyekaa benchi la mwisho akanyoosha mkono.

Alikuwa Bi Sitara, mjane wa mpakiaji wa bandarini. Yeye ndiye mwanachama wa kwanza kuhamishwa kwa kanuni ya kumi na mbili, miaka mitatu nyuma. Hakuwa na kawaida ya kusema mikutanoni. Alivaa baibui lake, akasimama bila kuegemea kitu.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "juu ya Mzee Aristides sina la kusema. Naomba tu nisomewe muhtasari wa Februari mwaka sabini na nane."

Anaeli alikwenda ofisini, akarudi na daftari, akatafuta ukurasa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasoma. Ndugu Bushiri aliomba mjane asubiriwe amalize eda ndipo ahame. Katibu alijibu kwamba ushirika hauna dini, na kwamba huruma kwa mmoja ni dhuluma kwa anayesubiri. Ndugu mmoja aliuliza mjane mwenyewe anasemaje. Katibu alijibu kwamba mjane hakuhudhuria mkutano.

"Sikuhudhuria kwa sababu nilikuwa edani," Bi Sitara alisema, akakaa.

Mwandiko ule ulikuwa wa Aristides na maneno yalikuwa yake, na kila aliyekuwepo aliikumbuka siku ile Bi Sitara alipovushwa ua mchana, mwezi wa pili wa eda, amefunikwa shuka kichwa mpaka miguu na wanawake wawili wamemshika, huku katibu amesimama mlangoni na karatasi ya kuhakiki vitu. Aristides mwenyewe alikuwa ameisahau. Haikuwa imepotea, ilikuwa tu haijawahi kumrudia akilini, mpaka sasa, na ilirudi na kila kitu chake, hata rangi ya shuka.

Bushiri akaitisha kura. Wanaokubali ombi waliinua mikono: kumi. Wasiokubali: kumi na moja. Mwombaji hakupiga. Aristides aliikodolea macho ile mikono, ya watu aliokula nao na kuzika nao, na aliona kwamba wengine waliinua nusu, kiwiko kimebana ubavuni. Aliona jambo moja zaidi. Bi Sitara hakuinua mkono mara ya kwanza, wala mara ya pili.

*

Alihama siku ya ishirini na tisa. Bushiri na wazee wawili walibeba kitanda na kabati. Nguo za mkewe Aristides alikataa zibebwe na mtu, akazikumbatia mwenyewe, magauni na kanga, akavuka ua nazo. Wacheza bao waliinamisha vichwa kwenye kete. Katikati ya ua kanga moja ilianguka, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa hakuweza kuiokota. Alisimama pale. Kisha aliendelea hadi safu ya nyuma, akatua mzigo, akarudi kuifuata. Alipofika ilikuwa imeokotwa, imekung'utwa vumbi, imetundikwa kwenye kamba. Hakujua ni nani.

Cherehani haikuenea chumba kipya. Candida aliomba kuinunua, akataja bei ya haki, na fedha hizo zilimaliza deni la ada na kufuta jina ubaoni. Kwa hesabu mambo yalikuwa yamenyooka. Ada yake sasa ilikuwa shilingi ishirini, na pensheni iliitosha. Lakini asubuhi ya pili alipokuwa akinywa chai alisikia kutoka safu ya mbele mlio wa cherehani, ukianza, ukikata, ukianza tena. Alikiweka chini kikombe cha chai. Mkewe alikuwa akishona haraka na kwa mwendo mmoja. Huyu alikuwa akijifunza. Hata hivyo alishindwa kunywa.

Baada ya hapo siku zilifanana. Watu hawakumchukia. Waliona haya, walioinua mkono na ambao hawakuinua, na mwenye haya hupita upande wa pili. Bomba la safu ya nyuma lilikuwa la kwao wenyewe, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kukutana. Kwenye bao alikuta nafasi zimejaa, akasimama kidogo nyuma ya wachezaji, akaondoka. Alipika ugali mwingi kupita kiasi kwa sababu hakujua kupima wa mtu mmoja. Gereji walipogonga mabati alikasirika, na walipoacha alitamani waendelee.

Chumba kilichopakana na chake kilikuwa cha Bi Sitara. Ukuta ulikuwa mwembamba, wa matofali yaliyosimamishwa kwa ubavu, maana kamati ya ujenzi, ambayo na yeye alikuwemo, ilibana saruji kwenye safu ya nyuma. Alimsikia akifagia, akisukutua akitia udhu, akiwasha redio saa saba kwa taarifa ya habari. Walipokutana mlangoni walisalimiana kwa kuinamisha kichwa. Alianza kuhesabu siku ambazo mtu hajabisha hodi kwake. Zilipofika kumi na tisa aliacha kuhesabu, na ile siku ya ishirini, Jumapili baada ya kurudi kanisani, alinyoosha shati, akatembea hatua sita mpaka mlango wa pili.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Aristides."

Kisha Bi Sitara akatoka, ungo wa mchele mkononi, ushungi ameurudishia vizuri. Hakumwambia apite ndani, haikuwa heshima, wala hakumfukuza.

Aristides alikuwa ameandaa maneno tangu kanisani. Badala yake alisema, "Siku ile hukuinua mkono. Upande wowote."

"Sikuinua."

"Kwa nini?"

Bi Sitara aliutikisa ungo, akautazama mchele. Alisema kwamba miaka mitatu aliingoja siku ile. Alijua itakuja, kwa mume au kwa mke, maana hakuna nyumba isiyofikiwa. Alikwenda mkutanoni amekusudia kuinua mkono wa kumtoa. Lakini alimtazama pale alipokaa, kola imegeuka na hakuna wa kuigeuza, na mkono ukawa mzito. Akangoja ule mkono wa kumtetea. Nao ukawa mzito vilevile.

"Nilikukosea, Bi Sitara."

"Ndiyo," alisema. "Ulinikosea."

Aristides alingoja aambiwe kwamba yamekwisha, kama watu wasemavyo. Bi Sitara alichambua jiwe moja, akalitupa. Aristides akahisi kwamba asipoondoka sasa atatoa machozi mbele ya mwanamke asiye wake, lakini aliendelea kusimama.

"Usisimame hivyo," Bi Sitara alisema. "Watu watasema nimekushitaki." Akamsogezea kigoda nje ya mlango kwa mguu, yeye akakaa kwenye kizingiti.

Walikaa. Mafundi wa gereji hawakuwepo, ilikuwa Jumapili. Aristides akamuuliza Bi Sitara, alipohamia huku, ilichukua muda gani mpaka mtu kuja kubisha hodi.

"Miezi minne."

"Alikuwa nani?"

"Mkeo." Bi Sitara aliendelea kuchambua bila kuinua uso. "Alikuja na tepu shingoni. Akaniambia nisimame anipime gauni. Nikamwambia sijaagiza gauni, na fedha sina. Akasema yeye hakuuliza habari za fedha. Baadaye alikuja kila Jumatano, ukiwa zamu ya bustani."

Aristides alizihesabu zile Jumatano, miaka mitatu, akashindwa.

"Hakuniambia," alisema.

"Alijua ungesema nini."

Na yeye alijua angesema nini. Alifuta uso kwa kiganja, kwa uwazi, bila kujificha tena. Bi Sitara alimwacha. Alipoona ametulia, alimega nusu ya mchele kwenye sinia, akamwekea magotini, wakachambua pamoja, yeye Aristides polepole, akitupa punje nzima pamoja na mawe, na Bi Sitara akiona bila kumsahihisha. Adhana ya alasiri ilipoanza kusikika kutoka upande wa Kariakoo, aliinuka, akachukua sinia.

"Kesho ulete na wa kwako," alisema. "Macho yangu si mabaya kama yako."

"Sina mchele. Nina unga tu, ule wa njano wa dukani."

"Una wadudu?"

"Unao."

"Basi uje nao," Bi Sitara alisema. "Tutauchekecha."